Mama Mdogo na Kanumba

Mama mdogo alianza kumpenda Steven Kanumba tangu enzi za michezo ya Kaole katika ITV. Baadaye pale Ziba tulimwona kwenye banda la video, jenereta ikinguruma nje, naye akitukumbusha sisi watoto: "Huyu ni wa kwetu, wa Shinyanga." Aliuza mbuzi wawili apate nauli ya Dar es Salaam, akamsalimie tu.

Kanumba alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi Kuu, 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Babu akasema nauli hiyo sasa inunue mbolea. Mama mdogo alisali Pasaka, na Jumatatu alfajiri akapanda basi Igunga. Kesho yake alikuwa Leaders Club katikati ya maelfu, jeneza hakuliona. Makaburi ya Kinondoni aliyafikia watu wakitawanyika.

Aristotle anafundisha kwamba marafiki hutakiana mema, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anamtakia. Kwa kipimo hicho, mama mdogo hakuwa na rafiki Dar. Nilipomweleza hayo likizo iliyopita, alicheka.

"Frateri, mbona ninyi mnawaombea marehemu msiowajua?"

Darasani hatujafika huko. Kila Novemba jina la Steven limo katika bahasha yake ya nia za Misa, kati ya bibi na mjomba.