Mdogo Wangu, Darasani Hakuna Saluti

Morogoro

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema umebakiza miezi michache uvue sare, kampuni ya ulinzi imekuahidi gari, na chuo kimekuomba ufundishe upelelezi na ushahidi kwa malipo ya muda. Unaniuliza mimi niliyekutangulia kustaafu na kushika chaki. Nakushauri uchague chuo, ila ujue unachokiendea.

Siku ya kukabidhi sare stoo, cheo nacho hubaki hukohuko. Watu watakuita afande mpaka uzeeni, lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili hakupigii saluti. Ukimwambia kuwa sheria inampa mpelelezi saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi, zaidi ya hapo aombe nyongeza, atakuuliza mbona binamu yake alikaa mahabusu siku tatu. Kituoni ungejibu, "Kazini mambo ni tofauti," na mazungumzo yangeishia hapo. Darasani jibu hilo ndilo linaloanzisha somo. Tofauti kwa nini? Gari la kumfuata shahidi halikuwa na mafuta? Mpelelezi mmoja kabebeshwa majalada mangapi? Au ni mazoea tu? Majibu hayo unayo wewe kuliko kitabu chochote, na ndiyo maana wanakuhitaji.

Lakini usidhani miaka yako ya kazi ni utafiti. Tuliowaona sisi ni waliofika kituoni. Aliyeibiwa mbuzi akamalizana na jirani mbele ya mjumbe, mke aliyepigwa wazee wakasuluhisha nyumbani, hao hawamo katika kitabu chetu cha taarifa. Taarifa za ukatili zikiongezeka baada ya kituo kufungua Dawati la Jinsia na Watoto, usikimbilie kusema ukatili umezidi. Huenda waliokuwa wakinyamaza wamepata pa kusemea. Hayo nilijifunza ukubwani, nikisoma shahada ya uzamili na vijana wa umri wa wanangu. Nawe jiandikishe, maana vyuo havihesabu nyota za begani.

Wala usione haya. Peter Neyroud wa Uingereza alikuwa mkuu wa polisi wa Thames Valley, kisha akaongoza wakala wa kitaifa wa kuboresha kazi ya polisi. Alipotoka huko akawa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge. Utafiti wake aliufanyia Birmingham: watuhumiwa ambao wangepelekwa mahakamani waligawanywa kwa kura, wengine wakashitakiwa, wengine wakapewa masharti na kusimamiwa na polisi, ili ionekane ni njia ipi inayopunguza kurudia makosa. Mkuu wa zamani akakubali kwamba uzoefu wake hautoshi kujibu swali hilo. Kabla yake kulikuwa na August Vollmer, mkuu wa polisi wa Berkeley, California, ambaye shule hakufika mbali. Alistaafu 1932, akawa profesa katika chuo kikuu cha mji uleule.

Ushauri nao una adabu yake. Uliwaona IGP wastaafu Said Mwema na Ernest Mangu katika Tume ya Haki Jinai ya 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Watu waliowahi kuliamuru jeshi zima walikaa meza moja na wanasheria na watumishi wengine wa umma, wakapokea maoni ya wananchi, wakamkabidhi Rais ripoti. Kutekeleza si kazi yao tena. Mshauri hana amri. Pendekezo lake likifungiwa kabatini, hana budi kurudi na hoja nzito zaidi.

Kitakachokujaribu kuliko vyote ni simu. Ndugu, jirani, hata mkuu wa idara yako, atakuomba umpigie mkuu fulani wa polisi wa wilaya, OCD, "kwa sababu wewe ndiye uliyemlea." Na huyo OCD atatii, maana bado anakakamaa akisikia sauti yako. Ukipiga mara moja tu umekuwa dalali wa majalada, na siku utakaposimama kufundisha kwamba upelelezi usiingiliwe, wanafunzi watakuwa wamekwisha kusikia habari zako. Anayelalamika muoneshe utaratibu: ashike RB yake, yaani namba ya taarifa aliyopewa kituoni, amwone mkuu wa upelelezi wa wilaya, asiporidhika apande mkoani. Vilevile, majalada ambayo hayajafungwa na majina ya watoa taarifa usiyageuze mifano ya darasani. Hukumu za Mahakama ya Rufani ziko hadharani, na makosa ya wapelelezi yameanikwa humo kwa kina. Zinatosha.

Basi, kampuni ya ulinzi waandikie shukrani. Chuo waombe somo moja muhula wa kwanza, wasikubebeshe matatu, kwa kuwa kuandaa mhadhara wa saa mbili kunakula siku nzima. Na mafao yakitoka, tenga kwanza ada ya uzamili, kabla hujamsikiliza mtu yeyote mwenye wazo la mabasi.

Nisalimie wifi na watoto.

Ndimi dada yako.