Chai ya Saa Nne

Kwa miaka kadhaa nilidhani mama keshia wa saccos ile ni mpenzi wa chai tu. Kila siku ikikaribia saa nne alifunga daftari, akanyoosha mkono ukutani nyuma ya kiti chake, akazima swichi ya mtandao, akavuka barabara kwenda kwa mama ntilie. Akirudi anaiwasha, kazi inaendelea. Wanachama nao walishaijua ratiba. Aliyefika saa hiyo aliketi kwenye benchi bila kuuliza.

Saccos yenyewe, chama chetu cha akiba na mikopo, iko Chamwino, Dodoma. Jina lake naliacha, kwa kuwa kosa nitakalolisimulia ni langu.

Ufundi niliuanza mwaka 2008 Dodoma mjini, kwa mzee aliyekuwa akitengeneza redio na runinga. Alinilea katika imani moja: hakuna kifaa kibovu, kuna fundi mvivu. Kompyuta zilipoanza kujaa madukani nikahamia kwenye mitandao, na imani ile nikaibeba kama ilivyo. Siku hizo ofisi nyingi tulizozihudumia zilipata intaneti kwa dishi la setilaiti, ya polepole na ya bei ya kuumiza. Ndani ya ofisi kukiwa na swichi ya megabiti 100, kile kifaa kinachounganisha kompyuta, ilikuwa sawa na kumjengea punda mmoja barabara ya lami.

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, kisha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukawa unasogea mikoani. Mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato, TRA, ikaleta mashine za risiti za EFD. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na Oktoba 2019 yeye mwenyewe akawa mkazi wa Chamwino. Kwetu mafundi habari hiyo ilimaanisha fremu mpya, hosteli mpya, ofisi mpya, na kila mmoja anataka mtandao. Swichi zetu za zamani zilibaki vilevile ukutani. Kilichobadilika ni mzigo: punda mmoja alikuwa amegeuka msafara.

Tena Chamwino haina huruma na vifaa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Ikishakatika, vumbi linatawala mpaka mwisho wa mwaka. Linaingia kwenye feni, linachanganyika na utando wa buibui, linakuwa blanketi. Juu kuna bati, pembeni kuna ukuta unaopigwa na jua. Mafundi tuna kanuni kuhusu kapasita zenye majimaji ndani: kila joto likipanda nyuzi kumi, umri wake unapungua kwa nusu. Kifaa ambacho mahali penye ubaridi kingezeeka taratibu, kwetu kinazeeka kama mtu anayelima bila kofia. Mvua nazo zikirudi, zinakuja na radi inayopita kwenye nyaya za shaba kutoka jengo hadi jengo.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 swichi ya saccos ikaanza kujizima yenyewe. Nikaifungua. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa kama maandazi. Mwenyekiti akaniuliza, "Fundi, tununue mpya?" Nikacheka. Nikapachika kapasita mpya za shilingi elfu chache, nikapuliza vumbi, nikamwambia mashine hii ina miaka mitano mbele. Nilirudi nyumbani nimevimba kuliko zile kapasita.

Ilikufa Juni, siku ya malipo ya alizeti. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje chini ya mti. Nilipofika, harufu ya kuungua ilinipokea mlangoni. Nilikuwa sina nyingine ya kuazima, na ya kununua ilikuwa mjini. Tuliandika kwa kalamu hadi giza, lakini mikopo haikuweza kutolewa bila mfumo. Mzee mmoja aliyetoka upande wa Mlowa alikuwa amekodi bodaboda kwa fedha ya kuazima. Aliponiona na begi langu akanisalimu kwa heshima, "Mbukwenyi, fundi." Sikuwa na uso wa kumwitikia.

Jioni nilimwuliza mama keshia tatizo lilianza lini hasa.

"Mbona siku nyingi, mwanangu? Jua likipiga ule ukuta wa mashariki, inalewa. Nikiizima ikapoa, inaamka. Ndiyo nikaona chai yangu niihamishie saa ile."

"Mama, hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulikuwa unaiuliza mashine."

Tangu siku hiyo begi langu linakaa chini kwanza. Sianzi na taa za kijani. Namwuliza anayekitumia kifaa: mnaishije nacho? Majibu ndiyo yanayonipa umri wa kifaa. Kuna duka la dawa ambako dada wa kaunta alikuwa akitoka hadi kizingitini kila malipo ya simu yanapogoma. Kuna karani aliyezoea kuchapa ankara usiku "kwa sababu mchana mtandao una watu". Hakuna aliyekuwa analalamika. Walishakunja maisha yao yakaenea ndani ya ubovu, na gharama yake haikuandikwa kwenye daftari lolote.

Lakini si kila usumbufu ni uzee wa kifaa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ya nchi nzima ikayumba. Jumatatu simu yangu haikupumzika. Mteja mmoja alikuwa tayari ameshika fedha za ruta mpya. Nilimwambia azirudishe mfukoni. Mara nyingine mkosaji ni panya aliyetafuna kebo, au betri ya UPS iliyopitisha miaka yake mitatu, minne. Fundi anayebadilisha kila kitu ni ndugu yake yule asiyebadilisha chochote. Wote wawili hawajauliza.

Na upo uzee usiosumbua mtu. Oktoba 2017 watafiti wa Ubelgiji walitangaza udhaifu wa KRACK katika ulinzi wa Wi-Fi uliokuwa ukitumika karibu kila mahali. Vifaa ambavyo kampuni zake bado zilivihudumia vilipata kiraka. Vilivyokwisha kutelekezwa vilibaki wazi, huku vikiwaka kijani kama kawaida. Kwa hivyo nina daftari. Kila kifaa cha mteja kina mstari wake: siku kilipowekwa, siku huduma ya kiwandani inapokoma, na safu ya mwisho nimeiandika "wanaishije nacho".

Saccos tuliiwekea swichi mpya ya gigabiti moja, kwenye ukuta wa ndani usiofikiwa na jua, na ile iliyoungua nikaichukua. Mwezi mmoja baadaye nilipita kuikagua. Saa nne ilipokaribia mama keshia alifunga daftari, akanyoosha mkono nyuma ya kiti. Vidole vikapapasa ukuta mtupu, penye matundu mawili ya misumari.

"Mkono ushazoea," alisema, akacheka, akaketi tena. Kwenye benchi watu watatu walikuwa wanasubiri. Akamwita wa kwanza.