Kutoka Saio hadi sokoni bila kutoboka

Juma hili tunatembea kwa kinga. Anayetoka Saio kwenda katikati ya Bunia kwa miguu anaona watu, butike na wamotari. Anayekwenda kwa kinga anaangalia chini. Mimi nakwenda kufundisha kwa kinga kila siku, na barabara ile naijua kwa vitu vinavyotoboa mpira kuliko kwa majina ya avenyu.

Tuanze kwenye parsele zetu hapa Saio. Ua likikatwa, matawi ya bugenvilia yanatupwa njiani, na mwiba wake ukikauka unakuwa kama sindano. Mbele kidogo kuna nyumba inayojengwa. Mabati yamepigiliwa, misumari iliyopinda imeachwa chini, na mvua ya kwanza inaishusha hadi katikati ya njia. Halafu kuna changarawe nyekundu, ambayo wakati wa kiangazi inafunikwa na vumbi na wakati wa mvua inaoshwa mpaka ncha zake zinabaki wazi. Watu wengi wanafikiri kiangazi ndicho kibaya. Mimi naogopa zaidi njia iliyolowa, kwa sababu maji yanasaidia chupa iliyovunjika kuingia ndani ya mpira. Ukitaka kuhakikisha, kata mpira wa zamani kwa kisu kikavu, kisha kwa kisu ulichokilowesha.

Ukikaribia Boulevard de Libération kuna adui mwingine, mdogo sana. Kila mahali palipochomwa matairi ya magari, siku ya maandamano au siku ya kilio, moto unakula mpira na kuacha nyuzi nyembamba za chuma. Majivu yanafagiliwa, nyuzi zinabaki. Uzi mmoja unaingia polepole, na upepo unatoka polepole. Unafika sokoni ukiwa salama, lakini jioni wakati wa kurudi unakuta gurudumu limelala.

Hapo ndipo jambo la mpira linapokuwa zito. Jirani yangu mmoja analeta sombe na avoka sokoni, furushi limefungwa nyuma ya kinga. Mpira ukitoboka asubuhi, sombe inafika imenyauka na wateja wamekwisha kununua kwa wengine. Ukitoboka jioni, anasukuma kinga peke yake wakati giza linaingia. Mnajua wenyewe tunaishi wapi. Jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi mwezi wa Mei 2021, na hata kabla ya hapo hakuna mama wa Bunia aliyependa kukutwa njiani peke yake usiku. Lakini nyumbani, pesa ikipatikana, mpira wa kinga unakuja mwisho kabisa, baada ya minerval, baada ya unga, na mara nyingi baada ya simu ya baba. Mimi naona nafasi yake ni karibu na unga, maana ndio unaoleta unga.

Sasa tuingie dukani. Kitu cha kwanza cha kuangalia ni namba zilizochongwa ubavuni mwa mpira. Mchuuzi atakuuliza, "Mama, ishirini na sita au ishirini na nane?" Jibu hilo halitoshi. Kuna mpira wa 26 unaoingia kwenye janti ya milimita 559, ule mnene wa kinga za mlima, na kuna mwingine unaoitwa 26 pia ambao janti yake ni milimita 590. Hauwezi kuvalia ya kwanza hata fundi auvute kwa meno. Kinga kubwa nyeusi zinazobeba mizigo kwa kawaida huwa na mpira ulioandikwa 28 x 1 1/2, na pembeni yake 40-635. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kuandika kwenye karatasi na kwenda nayo: 40 ni upana wa mpira, 635 ni kipimo cha janti, vyote kwa milimita. Mpira usiolingana na janti unakula mpira wa ndani kila juma, na mama analaumu misumari bure.

Cha pili ni katikati ya mpira, pale unapokanyaga ardhi. Ukunje kidogo, bonyeza kwa kidole gumba kutoka ndani na nje. Mpira wa bei ya chini kabisa una vinundu vizuri sana, lakini kati ya kinundu na kinundu ni mwembamba kama kandambili iliyochakaa, na mwiba unapita hapohapo. Kwa njia zetu nachagua ule ambao katikati yake ni mnene na mistari yake imekaribiana, hata kama ni mzito kidogo. Vinundu virefu vinafaa matope ya shambani. Kwa kwenda na kurudi mjini vinachosha miguu tu.

Maneno yaliyoandikwa juu ya mpira msiyaamini haraka. Mpira wowote unaweza kuandikwa kuwa hautoboki. Ulio wa kweli una kitu ndani. Wajerumani wa Schwalbe wana mpira uitwao Marathon Plus, wenye tabaka la mpira laini la milimita 5 chini ya ngozi ya juu, hivyo kipande cha chupa kinazama humo bila kufikia mpira wa ndani. Viwanda vingine vinatia kitambaa cha kevlar. Hiyo ni kazi ya mama mmoja, Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani, aliyeigundua mwaka 1965 wakati kampuni ilipokuwa inatafuta nyuzi nyepesi na ngumu za kutengenezea matairi ya magari. Baadaye nyuzi hizo zikafanya mavazi ya kuzuia risasi. Mabinti wetu wanaosema kemia si ya wasichana wasomewe habari hiyo. Mipira ya namna hii ni ghali, sitawaambia muiuze mbuzi kwa ajili yake. Lakini mkiwa na ndugu Kampala au Ulaya anayeuliza alete zawadi gani, mmeshapata jibu. Mpelekeeni namba ya janti.

Kuna pia mpira mgumu usio na upepo kabisa. Hautoboki, ni kweli. Lakini kila shimo la njia linapanda moja kwa moja kwenye mgongo wako na kwenye rayoni za gurudumu, na ukibeba bidoni mbili za maji rayoni zinaanza kukatika. Mimi siutaki.

Upepo wenyewe una habari yake, na wanafunzi wangu hukaa kimya nikiwaeleza. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama huko Belfast, alipata hati ya mpira wenye upepo baada ya kuujaribu kwenye kinga ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Ulaya na Marekani zikaingiwa na hamu ya kinga, viwanda vikataka mpira mwingi, na sehemu ya mpira huo ilitoka katika mipira ya msituni ya Kongo ya Léopold II. Huko Équateur na kwingineko wazee walilazimishwa kuuleta kwa viboko na bunduki, na wake zao wakafungwa kama rehani mpaka waume watimize kilo. Nikishika mpira mpya dukani nakumbuka wamama wale.

Turudi Bunia, kwa mwenye mpira wa kawaida. Fundi mzuri atakata mpira wa ndani wa zamani kwa urefu, aondoe valvu, autandaze kati ya mpira wa nje na ule wa ndani. Unaongeza uzito, lakini mwiba mfupi haufiki. Mwambie akate kingo vizuri na asiache mkunjo, kwa sababu mkunjo nao unasugua mpaka unatoboa. Akiwa amefungua gurudumu, mwombe apitishe kitambaa ndani ya mpira wa nje, aone kama kuna uzi wa chuma uliobaki. Kitambaa kinanasa pale kidole kinapokatwa. Aangalie pia utepe unaofunika vichwa vya rayoni kwenye janti. Ukiwa umeoza, kinga inatobolewa na chuma chake yenyewe. Unaweza kuujua ugonjwa kwa tundu: likiwa upande wa janti, kosa ni la utepe, likiwa upande wa ardhi, ni mwiba au msumari, yakiwa mawili sambamba kama ya meno ya nyoka, upepo ulikuwa kidogo na ulipiga shimo.

Hilo la mwisho ndilo linalotukuta sana sisi tunaobeba. Mpira wa 40-635 unaandikwa mara nyingi kiasi cha bar 3 hadi 4, na gurudumu la nyuma lenye furushi linataka kiasi cha juu. Kwado wa pembeni ya njia mara nyingi hana kipimo. Panda na mzigo wako, mtu mwingine aangalie: mpira ukivimba sana pembeni, ongeza. Upepo unapungua wenyewe hata bila tundu, kwa hiyo mara moja kwa juma pompi ipite. Kwenye avenyu yetu tumenunua pompi moja kwa nyumba nne, na inalala kwa mama mwenye mlango unaofungwa vizuri.

Vikundi vyenye likelemba au AVEC vinaweza kufanya vivyo hivyo kwa mipira. Nendeni wanne au watano siku moja kwa mchuuzi mmoja, na namba zenu kwenye karatasi. Bei ya mipira mitano si bei ya mmoja mara tano, mkijua kupatana. Mpira mpya uwekwe nyuma, kwenye mzigo, na ule wa nyuma uliobaki na ngozi uhamie mbele. Wa mbele uliokwisha, ambao nyuzi zake zinaonekana, usimwachie mchuuzi. Ukikatwa vipande virefu unafunga furushi la makala kuliko kamba yoyote ya sokoni, na kipande kinachobaki fundi viatu wa njiani anakipokea kwa furaha.