Shimo la Upanga

Dodoma nilikojifunzia kazi, udongo ni mwekundu na mkavu, na mfereji ukichimbwa husimama wima siku kadhaa kana kwamba umejengwa. Kuzoea hali hiyo ni hatari hata huko, kwa sababu mita moja ya ujazo ya udongo hukaribia tani mbili, na aliyefukiwa hadi kifuani hapati nafasi ya kuvuta pumzi. Ila shimo lenye maji nilikuwa sijawahi kuliona. Nilipotumwa Dar es Salaam kusaidia kwenye ujenzi wa ghorofa ya chini ya ardhi, ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika pwani.

Treni ya SGR ilinishusha jioni. Bodaboda akapitia Kariakoo, akanionyesha, bila mimi kumuuliza, upande lilikoporomokea jengo la ghorofa tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Hakuongeza neno mpaka Upanga, ulikokuwa ujenzi.

Asubuhi nilimkuta fundi mkuu, mtu mzima mwenye mvi, amesimama ukingoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Usishuke kwanza. Tuzunguke huku juu.”

Tulianzia upande wa barabara. Kabla shimo halijachimbwa, ramani ilikuwa imeonyesha kebo ya umeme ya kilovolti 11 nje ya kiwanja. Mzee hakuiamini. Aliamuru vishimo vya majaribio vichimbwe kwa mkono, taratibu, na kebo ikakutwa ndani ya kiwanja. Ukuta wa kuzuia udongo ukasogezwa ndani, na mwenye jengo akapoteza nafasi ya kuegesha magari mawili. Nilimheshimu mzee kwa hilo kuliko kwa jambo lolote nililoliona baadaye, maana kila mtu pale alikuwa akihesabu thamani ya kila mita.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa mabati mazito ya chuma yaliyofumana kingo, yamekitwa ardhini kabla uchimbaji haujaanza, marefu karibu mara mbili ya kina cha shimo. Kwa ndani ulizungushiwa mikanda ya chuma, na kutoka mkanda hadi mkanda ikakingama mihimili. Bomba kuukuu la maji lilikatiza juu ya shimo, limeninginizwa kwa mikanda kwenye boriti. Mzee alipitisha kiganja chini ya kila kiungo, akakitazama kama kimelowa. Bomba likivuja polepole, udongo ulio nyuma ya chuma hujaa maji, na maji yaliyosimama mita nne husukuma chini kabisa kwa tani nne kwenye kila mita ya mraba, juu ya msukumo wa udongo wenyewe.

Kisha akanipeleka kwenye pampu. Alikinga maji kwa ndoo nyeupe, akayaacha yatulie, akaingiza mkono na kupapasa kitako. Akanipa nami nipapase. Mchanga laini, kama unga wa sembe.

“Huu si wa kwetu,” alisema. “Ni wa jirani.”

Hatujamaliza, kibarua akapiga kelele kutoka chini. Kwenye kona, sakafu ya shimo ilikuwa ikitokota, na mchanga ukirundikana kuzunguka tundu. Msimamizi wa mwenye jengo akataka iletwe pampu kubwa zaidi.

“Zimeni hiyo iliyopo,” mzee akasema. “Wote juu.”

Watu wakapanda ngazi, na maji yakaachwa yapande. Nje ya ukuta maji yalikuwa juu kuliko ndani, kwa hiyo yalipita chini ya ncha za mabati na kuibukia shimoni. Kadiri ndani panavyokaushwa ndivyo tofauti inavyokua, na maji hubeba mchanga ulio chini ya nyumba za watu. Huko Köln, Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009, maji na mchanga vilipenya kwenye ukuta wa shimo la reli ya chini ya ardhi. Jengo la hifadhi ya nyaraka za mji likaanguka, na watu 2 wakafariki.

Mama wa nyumba ya pili alikuja kuuliza habari za ukuta wake. Mzee alimwonyesha vibandiko vya plasta, kila kimoja na tarehe yake, alivyobandika juu ya nyufa za zamani. Hakuna kilichokatika. Akampa namba yake ya simu na kumsihi apige hata usiku wa manane.

Ndani ya shimo vikachimbwa visima vyembamba vyenye chujio na kokoto ndogo, vilivyoshuka chini kuliko sakafu, ili maji yatoke na mchanga ubaki. Msimamizi alikuja kuuliza kazi inaanza lini. Mzee alikuwa akiteremsha kamba yenye kipimo kwenye bomba la kupimia maji, tena na tena. Kamba iliposoma maji yako nusu mita chini ya sakafu, na ndoo nyeupe ikatulia bila mchanga, vibarua wakaruhusiwa kushuka.