Samaki mja mzito na uongo wa miezi tisa

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yangu ilidumu miezi tisa, ikakatika usiku mmoja mbele ya tangi la samaki, sebuleni mwetu katika mtaa wa Ruring'u, mjini Nyeri.

Nianze na samaki mwenyewe, uongo utafuata.

Katikati ya mwezi wa Julai mwaka 2023, mume wangu alirudi kutoka Nairobi akiwa amepakata kopo la plastiki lililotobolewa kifuniko. Ndani yake mlikuwa na samaki mmoja asiyezidi urefu wa kidole changu cha mwisho, rangi ya majivu, mkia wenye dalili kidogo ya manjano. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane, alikuwa ameomba mnyama wa kufuga tangu Krismasi. Mwenye nyumba wetu hataki mbwa wala paka, lakini samaki habweki. Tangi la kioo la lita 60 lilikuwa limekwisha nunuliwa, pamoja na kichujio na hita ndogo ya umeme. Mgeni akapewa jina la Malkia.

Muuzaji alikuwa amemhakikishia mume wangu kwamba kwa vile amenunua jike peke yake, hakuna kuzaliana. Yaelekea hakuwajua vizuri samaki aliokuwa akiwauza.

Samaki wa aina hii huitwa gapi. Asili yake ni Trinidad, Venezuela na nchi za jirani huko Amerika ya Kusini, na jina lake latokana na Bwana Robert John Lechmere Guppy, ambaye katika miaka ya 1860 alipeleka samaki hao London kutoka Trinidad ili wataalamu wawachunguze. Baadaye gapi walisambazwa katika nchi nyingi za joto ili wale viluwiluwi vya mbu. Tofauti na samaki wengi, gapi hatagi mayai. Mayai huanguliwa tumboni na watoto hutoka wakiwa hai, tayari kuogelea. Na hapa ndipo tulipochezewa shere: jike akishakutana na dume, huweza kuhifadhi mbegu zake mwilini kwa miezi kadhaa, akazaa mara kwa mara bila kumwona dume tena.

Haukupita muda mrefu tumbo la Malkia likaanza kujaa. Doa jeusi lililo nyuma ya tumbo, karibu na mkia, likawa linapanuka. Mama mkwe wangu, ambaye binti yangu humwita Cucu, alikuwa ameshuka kutoka Tetu kututembelea. Aliinama mbele ya kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu ana mimba," akasema. "Mume wake yuko wapi?"

Msomaji, jaribu kumweleza mama mkwe habari za mbegu zilizohifadhiwa. Cucu alilelewa enzi ambazo Mkikuyu hakuhesabu samaki kuwa chakula, seuze kumweka sebuleni. Mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya maeneo bunge 140, na majirani zake wakaanza kufuga tilapia, yeye aliendelea kupika githeri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ya kwamba siku hizi hata samaki wameharibika.

Malkia alizaa mara ya kwanza alfajiri ya tarehe 28 Julai, tukiwa usingizini. Tulipoamka tulimkuta kifaranga mmoja tu nyuma ya kichujio, mwembamba kama uzi, macho tupu. Gapi wa ukubwa ule huweza kuzaa watoto 20, 30, hata zaidi. Wengine walikwenda wapi? Tumboni mwa mama yao. Gapi hamjui mtoto wake. Chochote kidogo kinachopita mbele ya kinywa ni chakula. Kesho yake hata yule mmoja hatukumwona.

Binti yangu alilia siku nzima. Nilishangaa, kwa sababu hakuwa mtoto wa kulia ovyo. Baba yake alimwahidi samaki mwingine, mimi nikamwahidi keki, wala hakutaka. Naam, nilishangaa, na sikupaswa kushangaa.

Mwezi wa Novemba mwaka 2022 nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Binti yetu alijua, na kila jioni aliweka sikio tumboni mwangu akidai kwamba anasikia mtu akitafuna. Tulikuwa tumekwisha mwambia kwamba akizaliwa msichana atachukua jina la mama yangu, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa pili. Mimba ile iliharibika. Nilikaa hospitalini siku tatu, na niliporudi mtoto alitazama mikono yangu, kisha akachungulia ndani ya gari. Baba yake akasema, "Mtoto amebaki hospitali kidogo." Mimi nikaitikia kwa kichwa, nikaenda kulala.

Hakuuliza tena. Tukajidanganya kwamba amesahau.

Tuendelee na samaki. Baada ya msiba ule wa Julai niliapa kwamba uzazi wa pili hautatupita. Watu wengi hununua kijisanduku cha wavu, wakamfungia jike humo akikaribia kuzaa ili watoto wapenye na kuanguka mahali asipowafikia. Tulimjaribu Malkia kwa saa moja tu. Alihangaika, akajigonga, akapumua kama aliyekimbizwa. Tukamtoa. Badala yake tulijaza pembe moja ya tangi majani ya majini, yale laini yaliyosongamana kama nywele, ili watoto wapate maficho. Ni afadhali kupoteza wachache kuliko kumtia mama kiwewe, maana jike aliyeshtuka huweza kuzaa kabla ya wakati, au watoto wakatoka wamekufa.

Maji ya mfereji yana klorini, nayo huwachoma samaki. Tulikuwa tukiyaacha katika ndoo wazi kutwa na kucha kabla ya kuyatumia, na kila Jumamosi tulibadilisha robo ya maji ya tangi, si zaidi. (Baadhi ya miji hutumia dawa nyingine isiyotoka kwa kuachwa wazi, huko lazima ununue dawa ya kuiondoa.) Chakula kidogo mara mbili kwa siku. Lakini kazi kubwa Nyeri ni baridi. Gapi hustawi maji yakiwa na joto la digrii 24 hadi 28, na mkazi yeyote wa Ruring'u anajua jinsi mwezi wa Agosti ulivyo, ukungu umeshuka kutoka Nyandarua na jua halionekani mpaka adhuhuri. Bila hita, kumfuga gapi hapa ni kumtesa.

Mimba ya gapi huchukua takriban wiki nne. Nikahesabu: 25 Agosti.

Siku hiyo ya Ijumaa Malkia alikataa chakula. Tumbo lilikuwa limekuwa la mraba kama kisanduku, na alisimama karibu na hita bila kusogea. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilimruhusu binti yangu kukesha. Kama saa nne kasorobo usiku, stima zikapotea. Tulidhani ni mtaa wetu, kumbe ni karibu nchi nzima. Bila shaka unaikumbuka siku hiyo. Mume wangu alikuwa safarini Mombasa.

Hita ikanyamaza, kichujio kikanyamaza. Kipimajoto kilisoma digrii 25. Nililifunika tangi kwa blanketi pande tatu, nikachemsha maji kwa gesi jikoni, nikayatia katika chupa za soda, nikazifunga vizuri na kuzielekeza tangini, moja baada ya nyingine. Usimwage maji moto ndani. Joto la ghafla huua. Na usilete jiko la makaa sebuleni, hata baridi iwe kali namna gani, maana hewa yake huua watu kabla ya samaki. Binti yangu alikuwa na kazi yake: kila baada ya dakika chache alichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, ili hewa iingie.

Saa tisa usiku kipimajoto kilikuwa kimeshuka hadi 22. Nikawasha tochi ya simu, nikaifunika kwa leso ili isimshtue. Malkia alijikunja, na kidonge kidogo kikamtoka, kikajinyoosha, kikakimbilia majani. Kisha kingine. Binti yangu alihesabu kwa kunong'ona. Alipofika 23, alinyamaza, akaelekeza kidole chini ya tangi. Kulikuwa na wanne juu ya changarawe.

"Mama, hawa mbona hawaogelei?"

"Hawakuzaliwa wakiwa hai," nikasema.

Aliwatazama. Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Na yule wetu, alibaki hospitali mpaka lini?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Hata giza halikunisaidia, maana tochi ilikuwa mkononi mwangu. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba mtoto alifia tumboni, kwamba hakuna aliyemkosea, kwamba mimi na baba yake tulidanganya kwa kuwa hatukujua la kusema. Aliniuliza kama alikuwa msichana. Nikasema ndiyo. Akauliza kama alipewa lile jina, nikasema hatukuwahi kulitamka tena. Yeye akalitamka. Tulilia kidogo, kisha akanikumbusha kwamba chupa zimepoa.

Stima zilirudi Jumamosi jioni. Vifaranga 19 walikuwa wangali hai, wakila kiini cha yai la kuchemsha kilichosagwa mpaka kikawa unga. Wale wanne alikuwa amewafunga katika karatasi laini na kuwazika chini ya mparachichi ulio kando ya ua, bila kuniomba ruhusa.

Cucu alikuja wiki iliyofuata. Binti yangu alimwonyesha vifaranga, na huku akiwaonyesha akamwambia habari za mdogo wake, jina na yote, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mume wangu alikiweka chini kikombe cha chai. Nilimngoja Cucu anikemee.

"Wangu walikuwa wawili," akasema. "Kati ya baba yako na shangazi yako."

Mume wangu hakuwahi kusikia habari hizo maishani mwake.

Malkia alizaa tena mwishoni mwa Septemba, bado bila dume. Tulimpigia Cucu simu kumpa habari. Hakuuliza tena mume yuko wapi. Aliuliza kama wote wanaogelea.