Baiskeli ya Bibi Mjini Utrecht

Nilihamia Utrecht, Uholanzi, nikiwa na miaka 36, na baiskeli nilikuwa naijua kwa nyuma tu: kwenye keria, nimekaa upande, mkono mmoja umeshika kiti cha mwendeshaji. Tanga nilikokulia baiskeli ni nyingi kweli, lakini nyumbani kwetu ile Phoenix ilikuwa ya baba, kisha ikawa ya kaka zangu. Mimi nilikuwa mzigo.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi ya usiku, kwa hiyo kumpeleka binti yetu shule ilikuwa zamu yangu. Kwa miguu ni dakika 40. Kwa baiskeli, 12. Wiki ya tatu mtoto akaniambia, bila lawama yoyote, "Mama, darasani kwetu mimi peke yangu ndiye ninayekuja kwa miguu." Nikamjibu kwamba kutembea ni afya. Usiku sikulala vizuri.

Aliyenifundisha ni dada mmoja wa Bukavu, jirani wa ghorofa ya juu, ambaye naye alijifunzia hapahapa. Hakunishika kiti wala kunikimbiza kama kaka zangu walivyofundishana. Alifungua pedali zote mbili, akashusha kiti mpaka nyayo zangu zikakaa chini vizuri, akasema nijisukume kwa miguu kama mtoto mdogo kwenye uwanja wa kuegesha magari. "Usitazame gurudumu, dada. Tazama kule unakokwenda." Jumapili mbili nilijisukuma tu, watoto wa mtaa wakinicheka. Jumapili ya tatu akarudisha pedali, na nikashangaa kwamba siangukí. Kama nawe umefika ukubwani bila kujua, anza hivyo. Na uliza kwenye kituo cha jamii cha mtaa wako. Sehemu nyingi Uholanzi yapo mafunzo ya baiskeli kwa wanawake wageni.

Baiskeli niliyonunua ni ya mkononi, ile ambayo Waholanzi wenyewe huiita "baiskeli ya bibi". Usiidharau kwa jina. Fremu yake imeinama chini, hupandishi mguu juu. Cheni imefunikwa yote na gurudumu la nyuma lina kinga pembeni, kwa hiyo dera au baibui halinaswi. Unakaa wima kama uko kwenye kiti cha nyumbani. Kitu kimoja tu kitakushtua: nyingi hazina breki ya mkono nyuma. Unasimama kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Siku ya kwanza vidole vyangu vilitafuta breki hewani huku ukuta wa jirani unakuja.

Nikadhani nimemaliza. Kuendesha nilikuwa nimejua, lakini barabara sikuijua.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye njia ya baiskeli, ile lami nyekundu, binti yangu mbele kwenye kibaiskeli chake, mimi nyuma. Mama mmoja mzee wa Kiholanzi akatokea kwenye kijia cha kulia. Nilivyolelewa mimi, mtu mzima hupishwa. Nikasimama ghafla nimpishe. Kijana aliyekuwa nyuma yangu hakutegemea. Akanigonga gurudumu la nyuma, tukaanguka wote wawili. Binti yangu aligeuka akaniona nimelala chini, na uso ule aliokuwa nao siusahau. Yule mama mzee aliteremka, akainyanyua baiskeli yangu, akaunyoosha usukani uliopinda, kisha akaniuliza kwa upole, "Njia ilikuwa yako. Kwa nini ulisimama?" Nikasema nilitaka kumpisha. Alinitazama kama mtu ambaye hakuelewa, na nadhani kweli hakuelewa.

Jioni ile dada wa Bukavu alinichukua kwa miguu mpaka pale pale, akanionyesha chini. Kwenye mdomo wa kile kijia palichorwa pembetatu nyeupe zilizopangwa safu; huku wanaziita meno ya papa. Ncha zikikuelekea wewe, wewe ndiye wa kungoja. Zikimwelekea mwenzako, yeye angoje, hata awe mzee kiasi gani, na wewe uende. Pasipo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ana haki ya kwanza. Ukitaka kupinda, nyoosha mkono mapema. Watu hapa wanaendesha karibukaribu na kwa kasi kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Ukarimu wangu ulikuwa ndio hatari barabarani. Ilinichukua miezi kuzoea kumpita mzee bila kuona haya.

Mengine ni mepesi. Taa mbele na nyuma usiku, au polisi atakuandikia faini. Simu mkononi ukiwa unaendesha imekatazwa tangu Julai 2019. Kufuli ni mbili, moja ya gurudumu na moja ya mnyororo uliofungwa kwenye kitu kisichong'oka. Yangu ya kwanza niliifunga moja tu, na sikuikuta. Mvua nunua suruali yake, mwavuli uache nyumbani. Na sheria inaruhusu kwenda wawili sambamba, ndiyo maana utaona wazazi upande wa kushoto wa mtoto, mkono begani kwake, wakimsukuma kidogo upepo ukiwa mkali.

Maegesho ya chini ya ardhi pale stesheni kuu yana nafasi 12,500, ghorofa tatu, na saa 24 za kwanza ni bure. Piga picha ya namba ya safu yako kabla hujaondoka. Mimi nilizunguka mle karibu saa nzima, nikitafuta baiskeli nyeusi ya bibi kati ya maelfu ya baiskeli nyeusi za mabibi.

Mwaka huu binti yangu anajiandaa na mtihani wa barabarani ambao watoto wengi wa shule za msingi hapa huufanya kabla hawajaenda sekondari. Chakula cha jioni kikiwa mezani ananihoji mimi: nani anaanza, mama, tramu au baiskeli? (Tramu, hata ikitoka kushoto.) Jumamosi tunakwenda mjini kununua ndizi za kupika mtaa wa Kanaalstraat, na tunapita daraja la Dafne Schippers, lile linaloanzia juu ya paa la shule na kuvuka mfereji mkubwa wa Amsterdam na Rhine. Mlima wake si mkali, ila upepo. Zamani alikuwa akigeuka kila dakika kuhakikisha kwamba bado niko. Jumamosi iliyopita alipanda mpaka juu bila kugeuka, na ilibidi nimpigie kengele anisubiri.