Kusoma upepo juu ya maji



Mimi ni mtoto wa mvuvi. Nilizaliwa kando ya ziwa Tanganyika, na kabla sijajua kusoma kitabu, baba alikuwa amekwisha kunifundisha kusoma maji. Aliniambia: «Mwanangu, upepo hauna sura. Usiutafute hewani, tazama ngozi ya maji.» Ziwa likitulia, mwezi huonekana ndani yake mzima kama sahani. Upepo ukiligusa kidogo tu, mwezi huvunjika vipande vipande. Na pale upepo unapokuja kwa nguvu, maji hukunjamana na kuwa meusi. Mvuvi huona weusi ule kwa mbali na kurudi pwani upesi.

Kumbe, wataalamu wanaopima pepo kali za bahari kuu hufanya kama baba! Ila wao hutazama toka juu sana, mamia ya kilometa.

Kwanza tuone shida yenyewe. Katika bahari ya Atlantiki huzaliwa tufani kubwa zinazozunguka kama gurudumu. Upepo wake ukifika kilometa 119 kwa saa, ndicho kimbunga. Lakini katikati ya bahari hakuna mti wala nyumba ya kuonyesha nguvu yake. Zamani mabaharia ndio walioleta habari. Lakini nahodha mwenye akili hukimbia kimbunga, hakai kukipima. Mjini Havana, katika kisiwa cha Kuba, Padri Benito Viñes, Mjesuiti, alichungua mawingu na upepo toka mwaka 1870 mpaka kufa kwake mwaka 1893. Tarehe 11 Septemba 1875 aliwatangazia watu kwamba kimbunga kinakuja. Walakini macho ya mtu mmoja hayawezi kuenea bahari nzima. Mwaka 1900 kimbunga kiliupiga mji wa Galveston, katika Marekani, watu hawajajiweka tayari. Walikufa 6000 au zaidi.

Siku hizi kuna setilaiti, yaani vyombo vilivyorushwa juu, vinavyoizunguka dunia bila kuanguka. Mwaka 1978 Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Seasat, nacho kikafanya kazi miezi michache tu. Kisha mwaka 1999 kikarushwa QuikSCAT, kilichopima pepo za bahari miaka kumi, hata Novemba 2009.

Vyombo hivi hupimaje? Hutuma mawimbi ya redio chini baharini. Bahari ikiwa laini kama kioo, mawimbi yale hudunda na kwenda zake upande wa pili, hayarudi yalikotoka. Ikiwa imekunjwa na viwimbi vidogo, vya santimeta chache tu, sehemu yake hurudi kwenye chombo. Kadiri upepo unavyoongezeka, ndivyo na yanayorudi yanavyoongezeka. Tena chombo hutazama mahali pale pale kwa pande mbalimbali, na kwa njia hiyo wataalamu hujua upepo unatoka wapi na kwenda wapi.

Lakini kila chombo kina udhaifu wake. Mvua kubwa huyachafua mawimbi hayo, na ndani ya kimbunga mvua haikosi. Kwa sababu hiyo, Desemba 2016 vilirushwa vyombo vidogo vinane viitwavyo CYGNSS. Vyenyewe havitumi kitu kwenda baharini, husikiliza tu. Hupokea mawimbi ya GPS, yale yanayoonyesha njia kwa ndege na kwa simu, yakiisha kudunda juu ya bahari. Mawimbi hayo ni marefu zaidi, kama santimeta 19, hata hupenya katikati ya mvua. Bahari tulivu huyarudisha wazi, kama mwezi mzima wa baba. Bahari iliyochafuka huyatawanya, kama mwezi uliovunjika.

Nikiwaza mambo hayo, namkumbuka mkubwa wangu. Ilikuwa wakati wa kiangazi, upepo wa kusini ulipokuwa ukivuma. Alikuwa akisukuma mtumbwi majini, nami nilimshikia nyavu. Nikainua macho, nikaona mbali mstari mweusi juu ya ziwa. Niliufahamu vizuri sana. Lakini juma lile hatukuwa tumepata ndagala hata kidogo, na ada yangu ya shule ilikuwa haijalipwa. Nikanyamaza. Nilijisemea: «Yeye ni mkubwa, bila shaka ameona.» Siku ya pili watu waliukuta mtumbwi umepinduka. Yeye tulimpata siku ya tatu.

Baba hakuniuliza kama niliona. Mimi mwenyewe nilimwambia, miaka mingi baadaye, alipokuwa mgonjwa. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: «Kuona si kazi. Kazi ni kusema.»

Basi, ndugu msomaji, setilaiti inaweza kuusoma upepo mbali sana na nchi kavu. Lakini habari yake yapaswa kupita katika midomo ya watu: mtaalamu amwambie mkubwa wa mji, redio itangaze, mwalimu apeleke habari nyumbani kwa watoto, jirani amgongee jirani mlango. Mmoja akinyamaza, habari hukatika pale pale. Wewe uliyeona maji meusi, usingoje kuulizwa. Piga kelele.